Gede na wazee wasioonekana

Ukikata tiketi ya kuingia magofu ya Gede, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, hutatembea sana kabla ya kuambiwa habari za wazee, yaani mizimu ya mji huo. Kwamba wamo humo, wanamwona kila anayeingia, na atakayebomoa ukuta au kuondoka na kigae mfukoni atakiona cha mtema kuni. Msomi akisikia hucheka. Sheikh na mchungaji, ambao ni nadra kukubaliana, hapa hukunja uso pamoja. Na kwa kuwa mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, wapo wanaoona kwamba ngano hizo sasa zikome, mgeni apewe historia tupu.

Hoja yao si ya kubezwa. Gede ulikuwa mji wa watu waliojua wanachofanya. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vya ndani, na udongoni zimefukuliwa bakuli za kaure kutoka China. Mtalii anayetoka pale na habari za mizuka peke yake amewadhulumu waliojenga. Tena hadithi ya "mji wa ajabu uliopotea" iliwahi kutumika vibaya. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliuita mji wa Waarabu, ilhali mlangoni mwa msikiti mkuu ipo ncha ya mkuki iliyochongwa kwenye jiwe. Mkuki ule unasema mengi kuhusu nani alikuwa mwenyeji: Mswahili, si mgeni kutoka Arabuni. Hata kuhamwa kwa mji mwanzoni mwa karne ya 17 hakuhitaji jini: kisima cha jirani na msikiti kiliongezwa kina kwa sababu maji yalikuwa yakizama, na nyakati zenyewe zilikuwa za vita na Wareno pwani, na Waoromo wakishuka kutoka kaskazini.

Lipo zito zaidi. Katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Anayeonya kwamba imani za namna hii si mchezo ana makaburi mapya ya kukuonyesha.

Hapo ndipo naona mambo mawili yamefungwa kwenye furushi moja. Tuhuma ya uchawi humnyooshea kidole mtu: jirani, shangazi, babu mwenye shamba, na mara nyingi shamba ndilo linalotakiwa. Wazee wa Gede hawamnyooshei kidole mtu yeyote. Hawana jina, hawana boma, hawana ekari za kurithiwa. Wanachodai ni kwamba ukiingia uwe na adabu, na ukitoka utoke mikono mitupu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa inasema lilelile, tofauti ni kwamba askari wa Makumbusho huenda kulala.

Tazama makaburi ya nguzo yaliyotapakaa mwambao huu. Mengi yalipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa kwenye chokaa, na leo unaona vishimo vya mviringo tu, kingo zake zimemomonyoka pale patasi ilipopita. Mawe ya kuta za kale nayo yamekuwa msingi wa nyumba za watu, na miti imekuwa makaa. Gede imebaki na kuta zake, na juu ya kuta mibuyu, na kwenye mibuyu kima, katikati ya eneo ambalo pande zote limekuwa mashamba na nyumba. Sisemi ni mizimu peke yake. Serikali iliulinda mji huo kisheria tangu miaka ya 1920. Lakini mji ulikuwa umehamwa kwa karne tatu kabla ya hapo, bila uzio, bila tiketi. Nani alikuwa mlinzi?

Misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, inatoa jibu la wazi zaidi. Kaya Kinondo, huko Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuambiwa asichukue chochote, wala wapenzi wasibusiane mbele ya wazee waliolala. Watu hutii. Msitu upo.

Kinachonisumbua ni vigango. Hivi ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama na majirani zao huzisimamisha kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kama kuna kitu pwani kilichozungukwa na hofu ya laana, ni kigango. Na bado viling'olewa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Watafiti wawili, Monica Udvardy na Linda Giles, walipohesabu walikuta vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, vingine 30 kutoka Denver vikafika mwaka 2019. Kwa hiyo hofu ina kikomo: kijana asiye na kazi akiwekewa noti mbele yake na mnunuzi asiyewajua koma, yaani mizimu ya waliofariki, koma hushindwa. Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande na sipati njia ya kuikwepa. Ila nauliza pia, ilikuwa hofu iliyozidi au iliyopungua? Wizi ulishamiri pale vijana walipokwisha kufundishwa, shuleni na kwenye mimbari, kwamba vile ni vipande vya mti tu. Hilo ndilo somo tunalotaka sasa kulipeleka Gede.

Hata Kirkman, mtu wa sululu na daftari, aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kuna aliyekuwa akichungulia nyuma ya kuta, si adui wala rafiki. Hakuacha kuchimba.

Mwongozaji anaweza kufanya vivyo hivyo. Aanze na kisima, aonyeshe choo, mkuki na tarehe ya kaburi, awataje Waswahili kwa jina lao. Kisha awataje wazee, bila kusaga meno na bila sauti ya kutisha watoto, kama anavyotaja mwenye nyumba ambaye hayupo sebuleni. Mgeni asiyeamini hatapungukiwa na kitu. Anayeamini atakirudisha kigae alichokuwa amekwisha kukitia mfukoni.