Nilifika Mapema kwa Saa Sita

Daftari lilikuwa wazo la mke wangu. Kaunta buku ya kwaya tatu, jalada gumu, ile ambayo wenye maduka huandikia majina ya wadaiwa. "Wewe ukienda huko bila kuandika, utasahau hata kurudi," akasema. Viza nilikuwa nimeipata juzi yake tu (pauni 115, na ukinyimwa hazirudi), kwa hiyo mwilini sikuwa na ubishi wowote uliobaki. Nikakaa sebuleni, nikapiga mistari kwa rula: siku, saa, mahali, nguo.

Safari ilikuwa ya Glasgow, Uskochi, kwenye kongamano la dunia la hadithi za kubuni za kisayansi, Agosti 8 hadi 12, 2024. Watu hawa walianza kukutana New York mwaka 1939, vita vikawasimamisha kidogo, na baada ya hapo kila mwaka wanahamia mji mwingine kama wafugaji. Glasgow ilikuwa imeshawapokea mwaka 1995 na 2005. Wana tuzo yao iitwayo Hugo, sanamu ya roketi iliyosimama wima, na wanaoipigia kura ni wanachama wenyewe. Mimi sikuwa nagombea roketi yoyote. Nilikuwa nimepewa nusu saa, Jumamosi, ya kusoma hadithi yangu mbele ya watu, na kwa ajili ya nusu saa hiyo ningeuza hata migomba ya urithi.

Kazi ilikuwa kumweleza shangazi yangu wa Bukoba. Nilipompigia simu nikataja "hadithi za kisayansi", yeye akashika neno moja tu, sayansi. Kufikia jioni nilikuwa nimepokea maombi matatu ya dawa ya sukari, na mzee mmoja ananiuliza kama wataalamu hao wa Glasgow wana lolote la kusema kuhusu mnyauko wa migomba. Kesho yake nikampigia tena kurekebisha.

"Shangazi, hawa ni watu wanaoandika mambo ambayo hayajatokea."

Kimya.

"Kwa hiyo ni mkutano wa waongo."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa nimekuelewa. Nauli yote hiyo, mwanangu, waongo wa huku wamekwisha?"

Hata hivyo alinitumia kifurushi kwa basi: kahawa ya kutafuna, ile yetu ya Buhaya inayochemshwa na majani ikiwa bado mbichi, kisha ikakaushwa na maganda yake, imefungwa kwenye ganda la mgomba. Mwongo au mkweli, mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Hadithi yenyewe ilihusu daladala ya Mbagala iliyokimbizana na wenzake mpaka ikafika Kariakoo jana yake. Humo ndani kuna kondakta anayedaiwa chenji na abiria ambaye bado hajapanda. Kwa sababu hiyo kwenye safu ya "nguo" niliandika: SARE YA KONDAKTA. Shati lililofunguka kifungo kimoja, noti zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa kati ya vidole, na sarafu za mia mia za kugongagonga mkononi. Niliambiwa kwenye makongamano haya watu huvaa wanavyotaka, nami sikutaka kuonekana nimetoka familia isiyojipanga.

Sasa tuje kwenye safu ya "saa", kwa sababu ndiyo iliyoniua.

Ratiba ya wenyeji ilisema Jumamosi, 16:00. Mimi nikaandika kama ningemwandikia fundi bomba: "Jumamosi, saa 10. KUSOMA." Saa kumi jioni, nani asiyejua? Mke wangu alipita na chai, akainama juu ya daftari.

"Hizi saa ni za wapi?"

"Saa ni saa."

Akaenda zake. Nimeoa mwanamke anayejua wakati wa kuacha jambo lijifunze lenyewe.

Nilifika Alhamisi kupitia Dubai. Jambo la kwanza lililonichanganya Glasgow ni jua. Kwetu jua lina adabu: linachomoza karibu saa kumi na mbili, linazama karibu saa kumi na mbili, na saa zetu zote zimejengwa juu ya uaminifu huo. Saa moja asubuhi maana yake siku ina umri wa saa moja, basi. Kule, mwezi wa nane, saa mbili usiku ikagonga na jua lipo juu ya paa linaniangalia. Nikashindwa kuiita usiku. Nikajaribu "saa mbili jioni", ikasikika kama ulevi. Ndipo nikaanza kusalimu amri kidogokidogo. Unajua sisi mshale mfupi ukiwa kwenye nne tunasoma kumi, wala hatuoni ajabu; kichwa kinageuza chenyewe. Ijumaa nzima nilishinda na watu wanaosoma nne wakisema nne. Jumamosi asubuhi nilipofungua macho, ile mashine ya kugeuza ilikuwa imezimika.

Nikafungua daftari. "Saa 10. KUSOMA." Nikatazama saa ya mkononi. Tisa na nusu.

Nilioga kwa dakika nne.

Njiani kuelekea ukumbini mtu mmoja aliyevaa kama pweza aliitazama sare yangu, akaniuliza kwa heshima natoka sayari gani. Nikamwambia Mbagala. Akaomba nimtajie herufi, akaandika.

Vyumba vya kule vingi vina majina ya maziwa ya Uskochi, Lomond na wenzake. Changu nilikijua, nilikuwa nimekizungukia Ijumaa kama mtu anayekagua kiwanja. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya ratiba. Sikuisoma. Nilikuwa na daftari.

Ndani walikuwa watu kama kumi na wawili, wengi wao akina mama watu wazima, kila mmoja na sindano mbili ndefu na donge la uzi wa sufu mapajani. Sikushtuka hata kidogo, na hapa naomba nitetewe: tangu Alhamisi kila chumba nilichoingia nilikuta watu wanafuma huku wanasikiliza. Ni kawaida yao. Mbele alikaa bibi mmoja aliyening'iniza miwani kifuani. Alinitazama, akatazama noti vidoleni, akasema karibu. Nikamshukuru kwa kunitunzia nafasi, nikaketi kwenye meza yake. Mpaka leo nikiikumbuka sentensi hiyo nageukia ukutani.

Nikagawa kahawa ya shangazi. Nikaeleza kwamba kwetu mgeni hutafuna kwanza ndipo mazungumzo yaanze. Wakatafuna, nyuso zikabana, hakuna aliyetema. Nikasimama, nikagonga sarafu mara tatu, nikaanza.

Hadithi nilikuwa nimeitafsiri kwa Kiingereza, ila maneno ya kondakta niliyaacha yalivyo, maana "Wawili tu, wawili tu, Kariakoo!" haina Kiingereza chake. Tena nikawafundisha kazi ya abiria: nikinyanyua mkono, wao waseme "Shusha!" Mwanzo walisema kwa aibu. Ukurasa wa tano wakawa wanashusha kwa sauti ambayo dereva wa Gongo la Mboto angefunga breki. Nilisoma dakika ishirini na tano. Wakapiga makofi, sindano zikiwa kwapani.

"Maswali?" nikauliza, kifua mbele.

Bibi mwenye miwani akaniuliza kwa upole, "Na wewe sasa hivi unatengeneza nini?"

"Riwaya," nikasema. "Ila nimeifumua mara tatu."

Chumba kizima kikaguna kwa huruma. Mama wa nyuma akasema wote tunafumua, mwanangu, hata wazoefu. Nikaona hawa ndio wasomaji niliokuwa nawatafuta maisha yangu yote. Ndipo bibi akanikabidhi sindano mbili na uzi wa rangi ya chungwa, akasema kwa kuwa sikuja na vyangu nitumie vya akiba. Nikadhani ni desturi ya kumpongeza msomaji. Nilifuma. Nilipata vitanzi tisa, kimoja kikiwa kikubwa kiasi cha kupitisha sarafu ya mia, nikajua kwa kuijaribu.

Nikatoka nje nimevimba, nikampigia mke wangu kwa WhatsApp.

"Imekwisha salama! Wamelia, wamecheka, wamesema shusha."

"Imekwishaje? Si ulisema saa kumi?"

"Ndiyo, saa kumi."

"Hapa saa saba na dakika ishirini. Nanyi mko nyuma yetu kwa saa mbili."

Nikafungua kinywa nimsahihishe. Nikatoa saa mbili kwenye saba. Nikapata saa tano. Saa tano asubuhi. Saa kumi yangu ilikuwa bado haijazaliwa. Nikarudi taratibu mlangoni, nikaisoma karatasi, ambapo paliandikwa wazi, kwa herufi kubwa za kumwonea huruma hata asiye na miwani, kwamba kuanzia 10:00 hapa ni darasa la kufuma, wanaoanza wanakaribishwa.

"Upo?" mke wangu akauliza.

"Nipo."

"Umewasomea akina nani?"

Nikakata simu nikisingizia mtandao.

Zikabaki saa nne na ushee za kungoja, nami nikaenda kukaa kando ya mto Clyde nikiwa na sare yangu. Pale kuna winchi kubwa la Finnieston, la miaka ya 1930, lililokuwa likipandisha vichwa vya treni melini kwenda nchi za mbali. Mto huohuo, pale Scotstoun, ndipo ilipojengwa meli yetu ya Victoria, iliyonivusha usiku mara nyingi kutoka Bukoba kwenda Mwanza nikiwa nimelalia gunia la ndizi. Nilitaka kupata hisia nzito juu ya jambo hilo, lakini kila nikianza nasikia "wanaoanza wanakaribishwa".

Hapo karibu lilisimama lile jumba la magamba, kazi ya msanifu majengo Norman Foster, wanaloliita Armadillo, jina la mnyama wa Amerika mwenye magamba. Ukitoka Tanzania huoni armadillo yoyote pale, unaona kakakuona. Kwetu kakakuona akijitokeza kijijini watu humwekea maji, nafaka na silaha, wakangoja wamwone atagusa nini, wajue mwaka utakuwaje. Nilimtazama kakakuona huyu wa chuma kwa muda mrefu. Mbele yake nilikuwa na chupa ya maji, daftari na vitanzi tisa. Hakugusa chochote.

Saa kumi kamili, ya jioni, nilisimama mlangoni. Safari hii palikuwa na kijana wa kujitolea mwenye orodha, akasoma jina langu, akanikaribisha. Ndani nikakuta watu sita wasionijua. Na nyuma yao, safu nzima, sindano mkononi, walikuwa wale wanawake wa asubuhi. Bibi mwenye miwani akanipungia. Mmoja wao bado alikuwa anatafuna.

Nikaanza kusoma kama mtu ambaye hajawahi kuisoma. Nilipofika kwenye "Wawili tu, wawili tu", sijanyanyua mkono, sijafundisha mtu, safu ya nyuma ikaunguruma: "SHUSHA!" Wale sita wakageuka. Nikaendelea. Kabla kondakta hajagundua kwamba jana ndiyo leo, mama mmoja akacheka. Kabla abiria hajadai chenji, mwingine akasema kwa uchungu, "Hatampa." Nami niliporuka aya moja kuokoa muda, bibi akanikumbusha kwamba nimesahau tairi la akiba.

Mwishoni bwana mmoja wa mbele, mwembamba, daftari mkononi, akanyanyua kidole. Aliuliza wale waliokaa nyuma wanajuaje kinachofuata wakati hadithi haijachapishwa popote. Je, hiyo nayo ni sehemu ya hadithi?

Nikagonga sarafu mkononi polepole, moja, mbili, tatu.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika kurasa mbili.

Usiku huo, jua likiwa bado dirishani, nilifungua daftari niangalie ya kesho. "Jumapili, saa 3. Kahawa na mhariri. USICHELEWE." Nikaitazama ile tatu. Nikaigeuza daftari juu chini. Nikampigia mke wangu.

"Saa tatu hii niliyoandika, unakumbuka nilikuwa na maana ya ipi?"

"Si ulisema saa ni saa?"

"Nisaidie, mama."

Alikaa kimya, nikasikia anafunga mlango wa nyuma, anazima taa ya jikoni.

"Kaa mlangoni tangu alfajiri," akasema. "Na ufume."