Unaacha nyama kwa sababu ipi? Jibu ndilo linaloamua sahani

Ukimuuliza mtu kwa nini ameacha nyama, jibu huwa moja kati ya matatu: afya, wanyama, au mazingira. Wapo pia wanaoacha kwa sababu ya dini, na wengine hawaipendi tu ladha yake, na hao hawana haja ya kumshawishi mtu. Tatizo huanza pale sababu zile tatu zinapofungwa pamoja kama mzigo mmoja. Ukifuata kila moja hadi mwisho wake, unakuta inadai sahani yake, na mara nyingine sababu mbili zinagombana waziwazi.

Chukua ng'ombe na kuku. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulikadiria kuwa gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama huambatana na wastani wa kilo 50 za gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Za kuku ni kilo 5.7. Anayejali hali ya hewa akihama kutoka ng'ombe kwenda kuku amefanya jambo kubwa, tena bila kuwa mla mboga. Lakini ng'ombe mmoja hutoa kilo 200 au zaidi za nyama, na kuku mmoja kilo moja na nusu hadi mbili. Kwa nyama ileile, badala ya kuchinja mnyama mmoja sasa wanachinjwa zaidi ya mia, tena kuku wa kufugwa kiwandani ambaye hufika machinjioni akiwa na wiki sita hivi, mwili umekua haraka kuliko miguu inayoubeba. Kwa aliyeacha kwa ajili ya wanyama, hatua hiyo ni kurudi nyuma.

Jibini nalo lina mtego wake. Katika utafiti huohuo, gramu 100 za protini ya jibini ni kilo 11 za gesijoto, karibu mara mbili ya kuku. Anayeacha kuku na kujaza pengo kwa jibini anaweza kuitwa mla mboga na bado mchango wake angani ukapanda. Maharage na dengu havifiki hata kilo moja.

Kwa upande wa wanyama, naona hii ndiyo sababu yenye mantiki imara kuliko zote, kwa kuwa haitegemei tafiti zinazobadilika. Wala si wazo la jana. Mshairi kipofu wa Shamu (Syria ya leo), Abul Ala al-Ma'arri, aliyefariki mwaka 1057, alikataa nyama, maziwa, mayai na hata asali, akisema kuchukua vitu hivyo ni kuwadhulumu wanyama. Chama cha vegani, yaani watu wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama, kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na watu walioona kuwa kuacha nyama pekee hakutoshi. Hapo walikuwa na hoja. Yai la biashara hutoka kwa kuku wa jamii ya mayai, na katika jamii hiyo kifaranga dume hana kazi: hatagi, wala hanenepi vya kutosha kuuzwa nyama. Kwa kawaida huuawa siku ileile aliyoanguliwa, kwa gesi au kwa mashine ya kusaga. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka 2022, lakini sehemu nyingi duniani bado ni utaratibu wa kawaida. Maziwa nayo hayapatikani bila ng'ombe kuzaa, nusu ya ndama ni madume, na mama mwenyewe hupelekwa machinjioni maziwa yanapopungua. Kwa hiyo mla mboga wa mayai na maziwa, kama sababu yake ni mnyama, amesimama mahali pagumu kujitetea kuliko vegani. Pengine pagumu hata kuliko mtu anayekula nyama ya ng'ombe wa malisho mara moja kwa mwezi.

Wapinzani huleta hoja ya panya wa shambani: kulima nafaka na kunde nako kunaua, kwa plau, kwa sumu, kwa mashine za kuvunia. Ni kweli. Ila kuku na nguruwe wa kufugwa hula nafaka na soya nyingi kuliko chakula wanachorudisha, kwa hiyo anayewala amelimiwa eneo kubwa zaidi, si dogo. Hoja hiyo ina uzito kwa mnyama mmoja tu, yule aliyekula majani maisha yake yote katika ardhi isiyolimika. Hapo hesabu zinakaribiana, na vegani mkweli anapaswa kukubali hivyo.

Ardhi hiyo ndiyo nguzo ya wapinzani kwenye hoja ya mazingira pia. Watafiti wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walionyesha mwaka 2017 kuwa asilimia 86 ya kinacholiwa na mifugo duniani ni kitu ambacho binadamu hawezi kula: nyasi, mabua, pumba, mashudu. Upande wa pili hujibu kwa takwimu ya Poore na Nemecek: vyakula vya wanyama hutumia asilimia 83 ya ardhi ya kilimo na kutupatia asilimia 18 tu ya kalori. Takwimu zote mbili ni sahihi, na anayetumia moja akificha nyingine anapiga propaganda. Zikiwekwa pamoja zinaunga mkono mifugo michache inayogeuza nyasi na makapi kuwa chakula. Haziungi mkono kiwango cha ulaji wa sasa, ambapo karibu theluthi ya nafaka zote huishia kwa mifugo. Wala hazimlazimishi mtu wa mazingira kuwa vegani kamili. Akiacha ng'ombe na kondoo na kupunguza jibini, sehemu kubwa ya faida ameshaipata.

Afya ndiyo sababu inayotajwa sana na inayoeleweka vibaya sana. Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile la tumbaku. Wengi walisoma kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Sivyo. Kundi hupima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Ukubwa wenyewe ulikadiriwa hivi: kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kama katika watu 100 wangeugua watano maishani, sasa ni kama sita. Ni sababu nzuri ya kuacha soseji, lakini haigusi samaki wala yai.

Kwa moyo, utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza uliofuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa miaka 18, matokeo yakatoka mwaka 2019, ulikuta wasiokula nyama wana ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22, lakini kiharusi zaidi kwa asilimia 20. Kwa watu 1,000 katika miaka kumi, ni wagonjwa kumi pungufu wa moyo na watatu zaidi wa kiharusi. Mwaka uliofuata utafiti huohuo ukatoa habari isiyopendeza: vegani walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama, na nyonga zaidi ya mara mbili. Uzito mdogo, kalsiamu kidogo na protini kidogo vilieleza sehemu ya tofauti hiyo, si yote. Kuhusu umri wa kuishi, Waadventista wa Amerika Kaskazini wasiokula nyama walionekana kuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12, ilhali EPIC-Oxford haikuona tofauti ya maana, labda kwa sababu wala nyama wake nao walikuwa watu wa kujitunza.

Kinachoamua zaidi ni kile kinachokuja badala ya nyama. Watafiti wa Harvard mwaka 2017 waliwagawa watu kwa ubora wa vyakula vyao vya mimea. Waliokula zaidi nafaka zisizokobolewa, kunde, matunda na karanga walikuwa na ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 25. Waliojaza sahani kwa unga mweupe, chipsi na vinywaji vya sukari, ambavyo navyo ni mimea, walikuwa nao zaidi kwa asilimia 32. Anayeacha nyama kwa ajili ya afya akabaki na mkate mweupe, chipsi na soda, sababu yake haipo tena mezani.

Na mwili haujali sababu yako, una mahitaji yake. La kwanza ni vitamini B12, ambayo hutengenezwa na bakteria, si na mmea wala mnyama. Spirulina, aina ya mwani, husifiwa sana kama chanzo chake, lakini sehemu kubwa ya iliyomo ni kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili hauwezi kukitumia. Ini huhifadhi akiba ya miaka miwili hadi mitano, ndiyo maana vegani wa mwaka wa kwanza hutamba kuwa hajapungukiwa na kitu. Majani ya kijani yana foleti nyingi, vitamini nyingine ya kundi B, na foleti huweza kuficha upungufu wa damu ambao ungemshtua daktari mapema, huku neva zikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Dalili ya kwanza huwa ganzi miguuni. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini kidonge cha wiki kina 2,000, na wengine wakiona hivyo hudhani ni kosa la uchapaji. Sababu ni kwamba mlango wa kawaida wa ufyonzaji hupitisha takriban mikrogramu moja na nusu hadi mbili kwa mara moja, kisha hujaa. Kinachozidi hupenya kwa kama asilimia moja tu. Kwa hiyo ni mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki.

Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida zaidi, ila hapa mbinu za jikoni zinasaidia sana. Limau, pilipili hoho mbichi au chungwa katika mlo uleule huongeza ufyonzaji. Chai au kahawa huweza kuukata kwa zaidi ya nusu, basi isubiri saa moja baada ya kula. Kuloweka na kuchipusha kunde hupunguza fitati zinazong'ang'ania chuma na zinki. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi kinadhuru. Pima kwanza ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Kwa kalsiamu, spinachi inadanganya: inayo nyingi, lakini oksaleti huifunga na mwili huambulia kama asilimia tano, wakati ya maziwa ni kama thelathini. Kabichi na jamii yake, au tofu iliyogandishwa kwa chumvi ya kalsiamu, ni bora zaidi. Mbegu za kitani, zinazoliwa kwa ajili ya mafuta ya omega-3, zisagwe, kwa sababu nzima hupita tumboni zikatoka kama zilivyoingia.

Protini huzungumzwa kuliko inavyostahili. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Nafaka ina upungufu wa lisini, moja ya viungo vinavyojenga protini, kunde inayo. Si lazima zikutane mlo mmoja, inatosha ziwe za siku moja. Wengi hushindwa mapema zaidi, kwenye upishi wenyewe. Maharage mekundu yana lektini, protini yenye sumu, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Yaloweke angalau saa tano, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya dakika kumi kwa uchache, thelathini ni salama zaidi, ndipo moto upunguzwe. Chungu cha umeme cha moto mdogo hakifai kwa hatua hiyo ya kwanza, kwani joto lisilofika mchemko huweza kuongeza sumu badala ya kuiua. Kuhusu gesi tumboni, anza na vijiko vitatu vinne kwa siku na upandishe polepole kwa wiki tatu au nne. Anayeruka kutoka sifuri hadi vikombe viwili hulaumu mimea wakati kosa ni la mwendo.

Uchunguzi uliofanywa Marekani na shirika la Faunalytics mwaka 2014 ulikuta kuwa katika kila watu sita walioacha nyama, watano walikuwa wameirudia. Katika kundi la waliorudi, afya ndiyo sababu pekee ya kuacha nyama iliyotajwa na walio wengi; wale ambao hawakuirudia walitaja pia wanyama, mazingira na ladha. Naamini inaeleweka. Sababu ya afya hukatika siku mtu anapojisikia vibaya, hata kama dawa yake ilikuwa kidonge cha B12. Jingine ambalo madaktari wa akili hulijua, na halisemwi vya kutosha: kuacha nyama kunaweza kuwa pazia la mtu anayejinyima chakula. Ukiona orodha ya vilivyokatazwa inaongezeka kila mwezi na uzito unashuka, kinachohitaji kuzungumzwa si nyama.

Sababu hizi zote ni za mtu binafsi, isipokuwa pale anapokuwepo mtoto. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mlo wa vegani uliopangwa vizuri unafaa kila umri. Mwaka huohuo chama cha lishe cha Ujerumani hakikuupendekeza kwa wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana. Mwaka 2024 Wajerumani walilegeza msimamo wakasema hawashauri wala hawakatazi kwa makundi hayo. Wote walikubaliana kwamba B12 ya nyongeza ni lazima. Mtoto wa mama aliyepungukiwa huzaliwa na akiba ndogo, maziwa ya mama hayaijazi, na dalili hujitokeza kabla hajatimiza mwaka: hunyong'onyea, huacha kukaa au kutambaa alikokuwa ameshaanza, na madhara ya ubongo huweza kubaki hata baada ya sindano. Mama anayekula mimea tupu aanze kidonge kabla ya kushika mimba, na apime damu mapema, akiwa bado anajisikia mzima.