Kichocho Kilichotoka Kwenye Friza

Mtu aliyemwambia kaka yangu kuwa bitiruti inaongeza damu ana deni Mbagala, na wanaomdai ni akina mama wa kichochoro kizima.

Mtoto wa kaka alikuwa ametimiza miezi 6, umri wa kuanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo inakuwa imepungua kufikia umri huo, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuifidia. Hilo kaka alilisikia kliniki na akalishika vizuri. Kilichompoteza ni rangi: aliona wekundu, akadhani ameona chuma. Gramu 100 za bitiruti zina chuma chini ya miligramu 1, wakati mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kama miligramu 11 kwa siku. Ukitaka kumaliza hesabu hiyo kwa bitiruti, mtoto inabidi ale zaidi ya kilo moja kila siku, na hata hicho chuma kingi chake kitapita tu, kwa kuwa chuma cha mimea mwili unakipokea kwa shida kuliko cha nyama. Maini ya kuku, yakiiva mpaka katikati yasibaki na uwekundu, ukayasaga na boga, yanafanya kazi kubwa zaidi kwa kijiko kimoja. Lakini maini yakiiva ni ya kahawia, na kaka ni mtu wa rangi.

Akarudi kutoka soko la Temeke Stereo na kilo 3 mgongoni.

"Dada, nimemletea mwanangu damu."

Nikamwambia hebu tupige hesabu kwanza. Mtoto anayeanza anakula vijiko vikubwa 2 hadi 3 kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku. Kijiko kikubwa ni mililita 15. Kilo 3 ukitoa maganda na mikia zinabaki kama kilo 2 na nusu, yaani milo 55 hadi 80 na ushee ya bitiruti tupu. Chakula hicho hata mfungwa angekiandikia barua ya malalamiko. Kaka akasema mtoto wa kiume anakula. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa pale anatafuna kidole chake cha mguu, hana taarifa.

Upishi wenyewe, nisimnyime haki yake, alifanya kama nilivyomwelekeza. Bitiruti unaiosha bila kuimenya, unaacha mkia na kipande cha shina kama sentimita 2 ili rangi isitorokee majini, unaipika kwa mvuke: maji ya vidole viwili chini ya sufuria, chekecheo juu, mfuniko. Za ukubwa wa ngumi zinachukua dakika 40 hadi saa nzima, na ushahidi wa kuiva ni kisu kuzama mpaka katikati bila kusukumwa. Zikipoa, ganda linatoka kwa kusuguliwa na vidole tu. Karoti na boga hazina safari ndefu namna hiyo; ukizikata vipande vya ukubwa wa ncha ya dole gumba, boga ni dakika 10 hadi 12, karoti inafika 15.

Alisubiri pia mvuke uishe kabla ya kusaga, akajaza blenda nusu tu. Nidhamu hiyo aliipata kwa boga la wiki iliyotangulia, ambalo bado lipo darini pale jikoni. Chakula cha moto kikizungushwa kwa kasi ndani ya chombo kilichofungwa, mvuke unapanuka ghafla na kutafuta njia, na njia ni mfuniko. Viazi mviringo ndivyo hata vikipoa usivipeleke kwenye blenda. Visu vinapasua chembe za wanga, zinatoka gundi ya kubandikia bahasha. Viazi vipondwe kwa mwiko, basi.

Tatizo likaanzia kwenye uzito. Bitiruti iliyosagwa peke yake ni nzito, inakwama chini ya visu, inataka kimiminika kidogo. Mimi nilikuwa nimetoka kuanua nguo. Kaka akafungua friji, akaona chupa mbili za maziwa ambayo wifi yangu alikuwa ameyakamua kazini, akazimimina zote mbili.

Si kwamba maziwa ya mama hayafai. Ndiyo kimiminika kizuri kuliko vyote, mtoto anakijua tayari. Ila unayatia kwenye bakuli wakati wa kulisha, kijiko kimoja kimoja, mpaka chakula kiwe laini lakini kikae kwenye kijiko ukikiinamisha. Ukilainisha mapema kabla ya kugandisha, siku ya kuyeyusha rojo linaachia maji, nawe unakuwa umeshapoteza maziwa bila kujua kama yangehitajika. Na chakula kinachotiririka kinajaza tumbo dogo kwa maji. Tumbo la mtoto halina nafasi ya maji.

Kuna na suala la kuhifadhi. Mboga kama bitiruti, mchicha na karoti zina naitreti, na zikishasagwa zikakaa hata kwenye friji, bakteria wanaanza kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo inazuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni sawasawa. Kwa hiyo usiziweke kwenye friji siku mbili tatu: zigandishe siku hiyohiyo. Trei ya barafu ni nzuri, kila kidonge ni mlo au nusu yake, ukifunika juu. Vikiganda unavihamishia kwenye chombo chenye mfuniko, unaandika jina na tarehe, unavimaliza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Unachoyeyusha hukirudishi. Na bakuli lililoingia kijiko chenye mate ya mtoto hulihifadhi: mate yanabeba bakteria, yanabeba na kimeng'enya kinachokula wanga, ukirudi jioni unakuta rojo limegeuka maji.

Trei zilikuwa mbili, zikajaa mara moja. Rojo lililobaki lilikuwa sufuria nzima.

Sasa, friza ya nyumba ile ni ya mama yetu. Anauza barafu za ubuyu na ukwaju dirishani, shilingi 100 moja, na droo ya jikoni haikosi naironi zake nyembamba ndefu. Kaka akaziona. Akachota, akajaza, akafunga fundo kwa ufundi wa mtu aliyekulia kwenye biashara hiyo, akazipanga kwenye friza upande wa kulia. Nyekundu, zimenyooka, zinameta. Neno "mtoto" aliliandika kwenye trei. Kwenye naironi hakuandika kitu, kwa sababu, alivyokuja kusema baadaye mbele ya halaiki, "Upande wa kulia kila mtu anajua ni wangu."

Upande wa kulia hakuna mtu aliyekuwa anajua ni wake.

Saa nane mchana shule zikatoka. Dirishani alikuwa binti wa dada yetu, mwenye miaka 10, mtoto mwaminifu wa hesabu: anayetoa mia anapewa nyekundu. Ziliisha zote. Mteja mmoja tu ndiye aliyerudi.

"Bibi, hii barafu ina ladha ya udongo."

"Ubuyu unatoka Dodoma," mama akamjibu kutoka kitandani. "Ulitaka uwe na ladha ya bahari?"

Mtoto akaona hoja ina uzito, akaendelea kunyonya. Ile ladha ya udongo ni ya kweli, bitiruti inayo kwa asili yake hata uioshe vipi, na ndiyo maana watoto wachanga wengi wanaikunjia uso mara ya kwanza. Ukiichanganya nusu kwa nusu na boga au kiazi lishe inapungua sana.

Kesho yake alfajiri nikasikia kelele chooni kwa jirani. Kisha kwa jirani wa pili. Kwenye saa moja hivi akina mama walishajaa uani kwetu, kila mmoja na mwanawe mkononi, na neno lilikuwa moja: kichocho. Kuna watoto wamekojoa wekundu. Na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa mkojo mwekundu maana yake nini.

"Ulikwenda mtoni?" mama mmoja akamuuliza mwanawe.

Mto Mzinga haupo mbali na hapo. Kijana akaanza kulia, akakiri. Alikwenda mtoni Jumamosi. Na Jumamosi ya kabla yake. Tena si peke yake, akataja wenzake watano kwa majina na koo zao, wawili kati yao wakiwa pale pale, ambao mkojo wao ulikuwa mweupe kabisa na walikuja kushangaa tu. Mmoja wa waliotajwa akaona kwa kuwa mambo yameharibika, bora amalize yote, akakiri na simu ya baba yake iliyopotea Ramadhani. Nimeona watu wakihojiwa na polisi wasitoe nusu ya yale yaliyotolewa asubuhi ile.

Tukaenda zahanati, msafara. Mtaalamu wa maabara akagawa vikopo, akachovya vijiti vya kupimia, akasubiri dakika, akavitazama mwangani. Hakuna damu. Akachovya tena. Hakuna damu. Kijiti kile kinaitambua damu yenyewe, wekundu wa kitu kingine hakiujali. Akaingiza mkojo kwenye hadubini atafute mayai ya kichocho, hakuna yai.

"Jana walikula nini?"

"Ugali na dagaa." "Wali maharage." "Chapati."

"Na barafu," akasema yule kijana wa simu, ambaye siku hiyo alikuwa hawezi tena kunyamaza.

Macho yote yakamgeukia mama. Mama akajinyoosha kanga begani.

"Barafu zangu zina miaka. Hazijawahi kumkojoza mtu."

Mimi nilikuwa natazama shati la shule la mtoto mmoja. Barafu ya ubuyu ikidondoka inaacha wekundu wa rangi ya dukani. Lile doa lilikuwa la zambarau iliyokolea, na rangi hiyo nilikuwa nimeishinda nikiisugua kwenye kibao cha jikoni usiku kucha. Nikamtazama kaka. Kaka akatazama bango la chandarua.

Nikamweleza mtaalamu, akacheka mpaka akavua miwani. Rangi ya bitiruti kwa watu wengi huvunjwa tumboni, ila kama mtu mmoja kati ya kumi inampita mpaka kwenye mkojo, na zaidi kwa wale wenye upungufu wa chuma. Haina madhara, inaisha kwa siku moja au mbili. Ndiyo sababu barafu walinyonya wengi na waliokojoa wekundu walikuwa watatu. Choo kikubwa chekundu nacho ni hivyohivyo, na mzazi mwenye mtoto mchanga akumbuke kwanza alichomlisha jana kabla hajafungua nepi akapiga yowe. Kama hajamlisha bitiruti, hapo apige yowe na aende hospitali. Wale watatu mtaalamu akawaandikia warudi kupimwa damu. Hao waliojitaja wenyewe kuwa wanaoga Mzinga akawapanga foleni yao, kwa sababu kwao mto ulikuwa wa kweli.

Ingeishia hapo, lakini wifi yangu alikuwa amefika, na aliuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Umelainishia nini?"

Kaka akamwambia.

Sitaandika yote aliyosema. Kwa ufupi, mililita 240 hazikamuliwi kwa dakika moja, zimekamuliwa stoo ya ofisini, amekalia ndoo, mlango ameuzuia kwa mguu, ili zije kunyonywa na darasa la nne.

Hapo akina mama wakaanza kutazamana upya. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini: kwa hiyo hawa watoto wamekuwa ndugu wa kunyonya? Maana yeye na mama wa geti la bluu walikuwa na mazungumzo yao ya siku za mbele kuhusu binti wa huyu na kijana wa yule. Ikabidi aulizwe ustaadhi aliyekuwa amekaa kwenye benchi anasubiri dawa ya kikohozi.

"Undugu wa kunyonya ni kwa mtoto asiyevuka miaka miwili," akasema. "Hawa wana meno ya kuvunja mifupa. Waoane tu."

Mtoto wa kaka, mwenye chakula chake, alianza kwa boga siku hiyo jioni, vijiko viwili, na maini ya kuku kidogo ndani yake. Alikula kimoja, cha pili akakirudisha kwenye shati la baba yake.

Mchana uliofuata, shule zilipotoka, dirisha likagongwa kabla mama hajalifungua. Watoto walikuwa wengi kuliko siku zote, hata wa mtaa wa pili walikuwepo.

"Bibi, zile za kukojoa nyekundu zipo?"

Mama akageuka taratibu akamtazama kaka.

"Zile bitiruti ulinunua kilo shilingi ngapi?"

Kaka akamtajia. Mama akahesabu kwa vidole, akamtuma Temeke arudi na kilo 5, na safari hii lainisha kwa maji, utie sukari na iliki, mtoto wako atakuwa hahusiki. Kisha akafungua dirisha.

"Kesho," akawaambia. "Mia mbili moja. Na atakayekojoa kawaida asinijie hapa kudai hela yake."