Yusufu wa Mwanzo, Yusuf wa Gurnah, na Mkristo wa Unguja

Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache, na uchache huo ndio unaolifanya suala la riwaya, filamu na muziki kuwa zito kwetu kuliko lilivyo bara. Kijana wa kwaya akionekana Ngome Kongwe usiku wa tamasha la filamu, au akisikika anaimba taarab anapofua nguo, si ajabu mzee wa kanisa akamwita pembeni. Wapo wanaosema mzee huyo amepitwa na wakati. Wapo wanaosema ndiye pekee aliyebaki macho. Mimi nimo katika wanaotaka Mkristo asome, atazame na asikilize, na nitalitetea hilo. Lakini hoja za mzee nazijua, na nyingi kati yake watu wa upande wangu hawajawahi kuzijibu.

Andiko analolishika kwanza ni la Paulo kwa Wakorintho: "Tokeni kati yao, mkatengwe nao." Nyuma ya andiko hilo kuna jambo ambalo kila aliyelea mtoto hapa analifahamu. Mtoto wa Kikristo wa Mji Mkongwe au wa Wete anasoma skuli na watoto wa Kiislamu, anacheza nao, anakula pilau harusini kwao, anazijua nyimbo zao kwa moyo. Kanisani yupo saa chache tu kwa wiki. Ukimwongezea tamthilia, riwaya na tamasha, anauliza mzee, ni kitu gani kitakachobaki cha kumkumbusha yeye ni nani?

Yupo pia mtu ambaye wasomaji wa vitabu huwa hatumfikirii. Ni yule aliyetoka katika ulevi kwa shida, ambaye ngoma fulani ikipigwa mwili wake wote unakumbuka baa. Kumwambia mtu huyo kwamba muziki hauna neno ni kumsukuma. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba ni vyema kutokula nyama wala kunywa divai iwapo ndugu atakwazwa, na sioni kwa nini muziki utolewe katika amri hiyo.

Lakini hoja nzito kuliko zote haikutoka kwa mzee wetu. Ilitoka kwa Mwafrika wa karne ya 4, Augustino wa Thagaste. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi alivyomlilia Dido, malkia wa utenzi wa Virgil aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku nafsi yake mwenyewe iliyokuwa ikipotea asiidondoshee hata chozi. Kisha anageukia maonyesho ya Karthago na kuuliza ni huruma ya namna gani hii, maana mtazamaji haitwi kumsaidia anayeteseka jukwaani, anaitwa ahuzunike tu, na akihuzunika vizuri anaondoka ameridhika. Hoja hii hainiachi. Nimewaona watu wakifuta machozi mbele ya tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, kisha wakainuka kumkaripia binti wa kazi kwa sababu chai imechelewa. Anayesema sanaa inatufanya wema zaidi ana deni la kumjibu Augustino.

Sasa upande wa pili. Paulo huyohuyo wa "tokeni kati yao" aliposimama Areopago, Athene, hakuanza na Torati. Alinukuu watunga mashairi wa Kiyunani: "Maana sisi sote tu wazao wake." Mshairi aliyeandika maneno hayo alikuwa akimsifu Zeu, mungu mkuu wa Wayunani. Paulo alijua hivyo, na wasikilizaji wake walijua hivyo. Mtu hanukuu shairi ambalo hajapata kulisoma wala kulisikia, kwa hiyo lazima mtume aliwahi kukaa nalo.

Danieli ananisaidia zaidi, kwa sababu hali yake inafanana na yetu, mwamini mchache katika mji wa watu wengine. Aliwekwa miaka mitatu afundishwe elimu ya Wakaldayo, watu wa Babeli, na lugha yao, na hatusomi popote kwamba alikataa somo. Alikataa chakula cha mfalme. Mpaka aliuweka, akausimamia kwa hatari ya maisha yake, lakini aliuweka mezani na vitabu akavisoma. Wanaotaka kujitenga na wanaotaka kuchanganyika wote humtaja Danieli, na kila upande husoma nusu ya sura.

Na hapa Unguja tuna ushahidi wetu wenyewe. Edward Steere, aliyefika na misheni ya Kianglikana mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, anakumbukwa kwa kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili na kwa kujenga kanisa la Mkunazini. Haikumbukwi sana kwamba mwaka 1867 alichapisha hapa kijitabu cha hadithi za Shakespeare kwa Kiswahili, kutokana na masimulizi ya Charles na Mary Lamb, wala kwamba mwaka 1870 alitoa mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na Waunguja wenyewe, ikiwamo ile ya punda wa dobi. Waliomsimulia walikuwa watu wa mji huu wa Kiislamu. Alikaa, akasikiliza, akaandika. Mtu anaweza kusema, na ni kweli, kwamba alisikiliza ili aijue lugha ya kuhubiria, kwa hiyo haikuwa sikio tupu la mapenzi. Hata hivyo Biblia tunayoisoma madhabahuni ilipitia katika sikio lililozoea hadithi za barazani, na ladha ya Kiunguja iliyomo ndani yake haikutoka kanisani.

Hoja za jumla zinatosha. Kitabu chenyewe ndicho kitakachotupima, nami nachagua kimoja kilichoandikwa na mwana wa kisiwa hiki. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye baba yake anamkabidhi kwa tajiri wa pwani kwa sababu ya deni. Mtoto anadhani anakwenda kumtembelea mjomba. Kumbe ni rehani. Anakuwa mzuri wa sura, anaota ndoto, anatamaniwa na mke wa tajiri, na shati lake linachanwa kwa nyuma.

Msomaji wa Kikristo atatambua mara moja kwamba hiki ni kisa cha Yusufu wa Mwanzo 37 na kuendelea. Jirani yake Mwislamu atatambua kwamba ni Sura ya Yusuf, na atakuwa karibu zaidi na riwaya, kwa sababu katika Mwanzo mke wa Potifa anabaki na vazi mkononi akalitumia kusingizia, ilhali katika Kurani kuchanika kwa nyuma ndiko kunakomtoa Yusuf hatiani. Gurnah amefuata njia ya Kurani. Hapo ndipo mzee wangu anapoweza kuuliza: kwa nini Mkristo apoteze muda na kisa chake mwenyewe kilichopinduliwa na kupitishwa mlango mwingine?

Na kweli kimepinduliwa, hata kuliko mzee anavyodhani. Yusufu wa Biblia anapanda kutoka shimoni hadi kiti cha pili baada ya Farao, na mwishoni anawaambia ndugu zake: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Yusuf wa Gurnah hapandi. Riwaya inaishia na askari wa Wajerumani wakikusanya vijana kwa nguvu, naye, baada ya kujificha, anakimbia kuufuata msafara wao. Kutoka rehani moja anaingia nyingine kwa miguu yake. Hakuna Mungu anayegeuza mabaya kuwa mema, au kama yupo, hasemi.

Kuna Wakristo wanaopenda fasihi ambao hawawezi kuvumilia mwisho kama huo. Watamtafuta Yesu katika kila mhusika anayeteseka hadi wampate, na Yusuf naye watambatiza kwa nguvu. Siwaungi mkono. Kitabu hiki kimeandikwa kutoka ndani ya ulimwengu wa Waislamu wa pwani, na heshima ya kwanza ni kukiacha kiseme chake.

Kinachonifanya nikitetee ni kile kilichotokea niliporudi kwenye Mwanzo baada ya kukisoma. Niliona jambo ambalo mahubiri mengi yalikuwa yamenipitisha juu yake: maneno ya Mwanzo 50 yalisemwa na aliyeuzwa. Hayakusemwa na ndugu waliouza, wala na wafanyabiashara waliomnunua. Yusufu ana haki ya kuyasema kwa sababu shimo lilikuwa lake. Ndugu zake wangeyasema wao, yangekuwa kufuru. Riwaya inayokataa kumpa Yusuf wake maneno hayo inanionya nisiyaweke kinywani mwa mtu mwingine kabla ya wakati wake. Ni onyo la kweli kwa imani, na limetoka katika kitabu ambacho si cha kanisa.

Onyo hilo linatufika Wakristo wa Unguja pabaya, kwa sababu kanisa letu kubwa limejengwa juu ya kisa cha aina hiyohiyo. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini na Sultan Barghash tarehe 5 Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale sokoni Mkunazini. Wageni huoneshwa mahali pa madhabahu na kuambiwa kwamba hapo ndipo watu walipochapwa. Soko likawa kanisa, mabaya yakawa mema. Nakiamini kisa hicho na ninakipenda. Ila utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hapa hadi mwaka 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa, wakati kanisa lilishasimama na Waingereza walishashika madaraka. Waliouzwa hawakuandika historia hiyo. Tumeisimulia sisi, kwa niaba yao, na kwa haraka.

Nje ya kanisa hilohilo, uani, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo wamesimama ndani ya shimo. Hazipendezi. Hazina tumaini lolote usoni. Mzee anayetaka sanaa ya Mkristo iwe safi na ya kujenga anapita kando yake kila Jumapili, na sijamsikia akitaka ziondolewe. Anajua moyoni kwamba zipo mahali pake. Nataka riwaya ipewe ruhusa ileile.

Katika filamu suala ni gumu kidogo, kwa sababu picha humshika mtu kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa kwake sana, katika Unguja ya enzi za ukoloni. Anamkimbia mume na kumpenda mpigania uhuru. Mtazamaji anasukumwa awe upande wake tangu mwanzo, na Mkristo anayeheshimu ndoa ana haki ya kugundua kwamba anasukumwa. Ana wajibu pia wa kujiuliza kama kiapo alichoapishwa msichana bila kuulizwa ni kiapo. Kijana atakayelijadili hilo na mwalimu wake wa kipaimara atajifunza zaidi kuhusu ndoa kuliko aliyefichwa filamu. Mtoto wa miaka 9 nisingempeleka.

Kuhusu taarab nitasema machache. Wanaodhani ni muziki wa anasa tupu wamesahau kwamba Siti binti Saad aliimba juu ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na waliokuwa mashahidi wakaishia kifungoni. Nabii Amosi, aliyewakemea waliopotosha haki ya maskini, angeuelewa wimbo huo. Na wanaolalamikia matusi ya baadhi ya nyimbo za siku hizi wajue kwamba masheikh wanalalamika vilevile. Hapa hakuna Mkristo dhidi ya Mwislamu, kuna wazazi wenye wasiwasi mmoja.

Wasiwasi huo, kwa maoni yangu, umeelekezwa pasipofaa. Tunagombana juu ya riwaya ambayo wachache wataisoma, huku simu iko mkononi mwa kila mtoto na hakuna anayeuliza kilichomo. Huko ndiko ninakokubaliana na mzee bila masharti: kuna vitu vya kufunga kabisa, na mtu mzima asiyefunga simu yake mwenyewe hana la kumwambia kijana.

Kwa hiyo, vikundi vya vijana wa kanisa visome Peponi. Visome kwa sauti, kwa Kiswahili, na viwaalike majirani wanaoijua Sura ya Yusuf, maana wao wataona tusiyoyaona. Asiyetaka kwa ajili ya dhamiri yake asilazimishwe wala asichekwe. Lakini swali la Augustino libaki mezani kila mara kitabu kinapofungwa. Yusuf ni mtoto aliyetolewa kwao akatumike nyumba ya watu, kwa deni asilolijua. Katika nyumba zetu za mjini, za Wakristo na za Waislamu, wamo watoto walioletwa kutoka shamba au bara, wanaofagia na kubeba vichanga vya wenzao. Kikundi kikimaliza sura ya mwisho, kianze na wale walio katika nyumba za washarika wenyewe: umri wao, kama wanakwenda skuli, fedha yao inapokewa na nani, na mara ya mwisho walimuona mama lini.