Mafundi, acheni kuigawa diski ya gigabaiti 256

Ukinunua kompyuta mpakato iliyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, mara nyingi unaikuta diski imeshagawanywa: C imepewa gigabaiti 100 na D imechukua zilizobaki. Fundi aliyeipiga Windows ana nia njema, na mteja naye hufurahi kuona diski mbili. Mimi naipinga desturi hii, hasa kwenye SSD, yaani diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka, za gigabaiti 256.

Ilikuwa na sababu zake. Enzi za Windows XP, virusi vikiingia, fundi alifuta C na kupiga Windows upya, na picha za harusi zilizokuwa D zikasalimika. Leo Windows 10 na 11 zinaweza kujisafisha zenyewe na kukuachia mafaili yako, lakini mgawanyo umebaki palepale.

Shida ni hesabu. Gigabaiti 256 za mtengenezaji, Windows huzisoma kama 238 hivi, kwa kuwa yeye anahesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. Katika hizo, C yenye 100 inabeba mfumo wenyewe, masasisho yake, faili la hiberfil.sys, ambamo Windows huhifadhi yaliyokuwa yakiendelea kompyuta inapozimwa kwa muda (hibernate), na ambalo huweza kula gigabaiti kadhaa kulingana na RAM, programu zote, na folda ya Downloads ambayo hakuna anayeisafisha. Mstari wa C unageuka mwekundu kwa kujaa huku D ikiwa karibu tupu.

Hapo ndipo mahangaiko yanapoanza. Disk Management, inayokuja na Windows, imekuwa ikipunguza na kupanua patisheni, yaani vipande vya diski kama C na D, tangu Windows Vista. Mtu anaifungua, anapunguza D, anarudi kwenye C, na anakuta “Extend Volume” (amri ya kupanua) imefifia, haibonyezeki. Anadhani kompyuta ni mbovu. Sivyo. Programu hiyo huipanua C kwenye nafasi tupu inayopakana nayo upande wa kulia tu, na nafasi uliyoitoa D imebaki mwisho wa D. Jirani yako akimega kiwanja chake upande wa nyuma, wewe uliye mbele yake huwezi kusogeza ukuta hadi huko. Wakati mwingine kinachoziba njia ni patisheni ndogo ya urejeshaji, yenye zana za kuitengeneza Windows ikiharibika, iliyo baada ya C.

GParted inaweza kuisogeza D ikapisha. Ni programu ya bure, unaiwasha kutoka kwenye flashi, nami naiheshimu sana. Ila kusogeza patisheni maana yake ni kuhamisha data zilizomo kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, na betri ya kompyuta iliyotumika haishiki chaji, unaweza kupoteza kila kitu kilichomo. Ndiyo maana nashauri njia ya kizamani: hamisha vilivyomo D kwenye diski ya nje, hakikisha vinafunguka, futa D, kisha panua C. Kabla ya hayo yote angalia kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa msimbo, imewashwa, na uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali pengine nje ya kompyuta hiyo.

Hata Microsoft wenyewe walibanwa na vipimo vilivyopangwa zamani. Januari 2024 sasisho la Windows 10, KB5034441, lilikataa kuingia kwenye kompyuta nyingi kwa sababu patisheni ya urejeshaji ilikuwa ndogo, na watumiaji wa kawaida wakapewa maelekezo ya kuiongeza megabaiti 250 kwa kuandika amri. Mwalimu wa shule au muuza duka ataanzia wapi?

Anayetaka Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, kando ya Windows ana haki ya kugawa, na aipunguze C akiwa ndani ya Windows yenyewe. Mwenye terabaiti nzima pia ana pa kuchezea.

Kinachoniumiza zaidi ni wale wanaoambiwa D ni mahali salama pa kutunzia. C na D ni chombo kimoja. SSD ikifa, zinakufa pamoja, na tasnifu ya mtu inakwenda nazo. Fundi akimwachia mteja C moja yenye folda zilizopangwa, kisha akamshauri anunue diski ya nje ya kuwekea nakala, atakuwa amemlinda kweli. Na kama bado anaona kuna haja ya kugawa, amuulize kwanza mwenye mali.