Kifua walikipiga picha, mdomo hakuna aliyeutazama

Saa tisa usiku, Novemba 2025, nilikuwa jikoni Leeds, Uingereza, nachambua karafuu kwenye mfuko wa viungo vya pilau. Mama ndiye aliyenifungia mfuko ule, na hiliki na mdalasini humo humo. Nikaweka karafuu moja kwenye gego la kushoto lililotoboka, nikaing'ata, nikangoja. Ganzi ikaja, ikakaa kama robo saa, ikaondoka. Nikachukua nyingine.

Gego lile nililijua tangu Dar. Lilikuwa linanisumbua nikinywa maji ya friji, na dawa niliyoipata ni kuacha maji ya friji. Wengi wetu ndivyo tunavyoishi na meno: daktari wa meno tunamjua siku ya kung'oa.

Kwenda kusoma Uingereza kuna makaratasi, jamani. Pesa zikae benki siku 28 mfululizo zisipungue. Kifua kipigwe eksirei ionekane huna TB. Sisi Watanzania na majirani zetu Wakenya tumo kwenye orodha hiyo. Halafu ada ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024. Mimi wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nilitozwa ya mwaka na nusu, pauni 1,164. Nikalipa nikijua nimemalizana nao. Katika safari yote ile, si wakala, si chuo, hakuna aliyeniambia nifungue mdomo.

Ada hiyo inakupa daktari wa kawaida na hospitali bila kulipa tena. Meno yana dirisha lake. Unalipa kama mwenyeji, kwa bei ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali: kwa England, kuanzia Aprili 2025, ilikuwa pauni 27.40 kutazamwa, 75.30 kuziba, kung'oa au kutibu mzizi, na 326.70 jino likihitaji kuvishwa kofia. Kwa nchi ile bei hizo zinavumilika. Kazi ni kumpata daktari anayetoza bei hizo. Nilipiga simu kliniki saba. Sita hazipokei wagonjwa wapya. Ya saba ilinipokea kwa sauti tamu sana. Ilikuwa ya binafsi, ikanitajia bei ya kuziba jino moja, nikashukuru na kukata simu. Chumba changu kwa wiki kilikuwa rahisi kuliko hiyo.

Binamu yangu anasoma Glasgow, ana miaka 22. Scotland matibabu ya meno ya NHS ni bure kwa walio chini ya miaka 26, na yeye kazibwa mawili bila kutoa senti. "Dada, mbona huku bure?" ananiuliza, kana kwamba mpaka nimeuchora mimi.

Na meno kule yanaoza kweli. Ruhusa ya kazi ni saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, na wengi wetu tunazimalizia usiku, kwenye maghala au nyumba za kutunzia wazee. Ili usisinzie unabeba kopo la kinywaji cha kuchangamsha, unalinywa funda kwa funda mpaka saa kumi. Tunahesabu sukari iliyomo ndani ya kopo, kumbe cha kuhesabu ni mafunda. Kila funda linawalisha bakteria wa mdomoni, wanatoa asidi, na mate yanahitaji nusu saa na zaidi kuituliza. Ukipiga funda jingine kabla, mate yanaanza upya. Usiku mzima jino linaloa kwenye asidi. Alfajiri unafika chumbani, unajitupa kitandani na koti lako. Mswaki ni kesho.

Kwa hiyo wanaosema wanafunzi wetu ni wazembe wa kinywa, nawakubalia nusu. Nusu nyingine iko kwa wanaotusafirisha na wanaotupokea. Nilihudhuria semina ya kuaga wanafunzi, hotelini, na viyoyozi. Tulifundishwa nusu saa nzima namna ya kupanga begi la kilo 23. Meno hayakutajwa. Fomu ya HC1 nayo haikutajwa: mwenye kipato kidogo anaijaza, wakimkubalia anapata cheti cha HC2 na halipi matibabu ya meno ya NHS. Hata mwanafunzi wa kigeni anaweza kuomba. Niliisikia kwa mara ya kwanza jino likiwa limeshatoka.

Maana lilitoka. Asubuhi ile ya karafuu mama alipiga simu ya video, na shikamoo yangu ikatoka imepinda.

"Marahaba. Mwanangu, umeweka nini mdomoni?"

"Karafuu, mama."

"Karafuu ni ya kukufikisha kwa daktari. Wewe umeigeuza ndiyo daktari?"

Nikapiga 111, namba ya simu ya NHS ya kuomba msaada, wakanipa miadi ya dharura kesho yake. Daktari, kijana mpole, akaniambia jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi, ila miadi ya dharura ni ya kuondoa maumivu. Hiyo ya mzizi nitafute kliniki ya kunipokea. Nikazikumbuka zile simu saba. Nikamwambia ang'oe. Dharura ilitozwa pauni 27.40, kung'oa ikiwa humo humo, na jino lile lile mwezi wa saba Dar lingezibwa kwa bei ya mitungi miwili midogo ya gesi.

Sasa mdogo wangu naye anaondoka Septemba. Juzi kanitumia orodha ya vitu vya kubeba nimkagulie: sufuria, blanketi, dagaa, unga. Juu kabisa nikamwandikia: kwa daktari wa meno kabla ya Julai, kinywa kizima kipigwe eksirei.

Akanijibu: "Dada, mbona mimi siumwi?"