Baba Mkwe na Bustani ya Kiyoyozi

Baba mkwe wangu alifundisha jiometri kwa miaka mingi, na tangu alipostaafu amekuwa mtu asiyeweza kuuona ukuta mtupu bila kuupangia jambo. Alipokuja kukaa nasi, kilichomkera hakikuwa chumba tulichompa wala kelele za wajukuu, bali mtambo wa nje wa kiyoyozi, lile sanduku la bati linalonguruma chini ya dirisha la sebule. Aliuzunguka akiwa amefunga mikono nyuma, akautazama kwa kitambo, kisha akatoa hukumu: "Mwanangu, nyumba nzuri namna hii haiwezi kuachiwa kidonda usoni."

Nilijaribu kumweleza, kwa adabu inayompasa mkwe, kwamba mtambo ule haukuwekwa pale kwa ajili ya urembo. Baridi haitengenezwi nje ikaletwa ndani, ingawa wengi hudhani hivyo. Gesi inayozunguka katika mabomba huchukua joto la chumbani, kompresa huibana hadi iwe ya moto kuliko hewa ya nje, kisha feni huvuta hewa na kuipitisha kwenye vibati vyembamba vya alumini ili joto lile likatupwe uani. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akanipongeza kwa ufafanuzi wangu, halafu akaniomba koleo.

Sitamnyima haki yake, kazi ilikuwa safi. Alipanda vichaka kwa mstari ulionyooshwa kwa uzi, kila kimoja sentimita 40 kutoka kwa mwenzake, akapima na kurudia kupima. Umbali pekee ambao haukupimwa ni ule uliokuwa kati ya vichaka na mtambo, ambao kwa makadirio yangu ungetosha kupitisha kiganja cha mtoto, ikiwa mtoto mwenyewe ni mwembamba. Mbele ya feni alisimamisha fremu ya fito na kuipandishia mmea utambaao wenye maua ya zambarau. Juu akaweka kipaa cha matete, kwa hoja kwamba mashine ikipata kivuli itafanya kazi kwa raha. Na chini akamwaga maranda ya mbao yawe matandazo. Hoja ya kivuli ina ukweli, lakini mdogo sana, kwa kuwa mtambo huvuta hewa nyingi mno kutoka uwanja mzima, na kipaa cha matete hakiwezi kuipoza hewa ambayo bado haijafika chini yake. Hayo sikuyasema. Mke wangu alikuwa amekwisha kupiga picha na kuwatumia dada zake, na picha ikishawafikia dada zake huwa haina rufaa.

Shida ilianzia kwenye majani. Yaliyoelekea feni yaligeuka kahawia na kujikunja, ilhali ya upande wa pili wa mmea uleule yalinawiri. Baba alitangaza kuwa ni kiu, akawa anamwagilia asubuhi na jioni kwa bidii ambayo angeielekeza penginepo tungekuwa na msitu. Maji yale yalirusha matope hadi kwenye vibati vya mtambo, na feni, ambayo huvuta hewa kwa nyuma na kuitoa kwa mbele, ikayavuta maranda na kuyabandika juu ya matope. Majani yakaendelea kukauka, kwa sababu hayakuwa na kiu hata kidogo. Yalikuwa yanapulizwa joto la sebule yetu mchana kutwa. Baba akahamia kwenye nadharia ya ugonjwa, akaleta dawa ya ukungu.

Ndani nako hali ilibadilika. Kiyoyozi kiliwaka, kikapoza kidogo, kisha ngurumo ya nje ikakatika ghafla, tukabaki na upepo wa vuguvugu. Baba, ambaye hakuyahusisha mambo haya mawili hata chembe, alitwaa rimoti na kushusha kiwango kutoka nyuzi 24 hadi 16, akisema kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kumwona mtu anayedaiwa kidogo akatoa kingi. Kwa hiyo mtambo uliokwisha kuelemewa ukaamriwa ukimbie bila kupumzika, na sisi tukaamriwa tufunge madirisha ili tusipoteze baridi ambayo haikuwapo.

Mwisho wake ulikuja wakati wa chakula cha mchana. Nje kulisikika mkwaruzo, kisha mfululizo wa vishindo, na dirishani zikapita vipande vya majani na maua ya zambarau vikiruka kwa kasi isiyo ya kawaida kwa maua. Tawi changa la mmea utambaao lilikuwa limepenya kwenye wavu wa feni, likajizungusha, na mapanga ya feni yakaanza kuuvuta mmea mzima pamoja na fremu yake. Fito zilikatika, kipaa cha matete kikaanguka, feni ikakwama, na Baba, kijiko kikiwa bado mkononi, akasema kwa utulivu kwamba upepo wa leo ni mkali.

Fundi aliyefika alikuwa kijana mpole. Alizunguka nyumba na begi lake begani, akarudi, akazunguka tena kwa upande wa pili, kisha akaja kwa Baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umeuona ubovu?"

"Bado, mzee. Naomba kwanza nionyeshwe mashine."

Nilimwonyesha kichaka. Alipenyeza mkono, akaugusa mtambo, akautoa haraka. Alieleza kwamba hewa ya moto ilikuwa inagonga mimea mbele na kurudi kuvutwa tena nyuma, hivyo mtambo ulikuwa unapumua pumzi yake mwenyewe kama mtu aliyefunikwa blanketi akaambiwa akimbie. Presha ya gesi ilipopanda kupita kiasi, swichi ya usalama iliizima kompresa. Alitaka kuwe na sentimita 60 pembeni na karibu mita 2 zilizo wazi mbele ya feni, na kokoto chini badala ya maranda. Baba alitoa daftari akaandika namba zote, akauliza kama zinapimwa kutoka kwenye shina au kwenye jani la mwisho. Fundi akajibu kwamba ni kutoka kwenye jani la mwisho la kichaka kilichokwisha kukua, na nikamwona mwalimu wa jiometri akikaa kimya kwa hesabu ambayo hakuwa ameifanya.

Mimea ilikatwa, mapanga yakafunguliwa. Fundi akaomba tusogee, akawasha mtambo kwa majaribio. Baba alisogea, lakini mbele, ili aone vizuri. Maranda, vumbi na dawa ya ukungu iliyokauka vilivyokuwa vimekusanyika ndani ya sanduku vilimtokea kwa pamoja kwenye shati lake jeupe, miwanini na ndani ya daftari. Wajukuu walipiga makofi. Mimi nilijishughulisha kwa bidii sana na kukagua bomba lililokuwa mbali.

Vibati vingine vilikuwa vimelala, kwa hiyo fundi akatoa chanuo maalumu la kuvinyoosha, na Baba akasisitiza aifanye kazi hiyo mwenyewe. Aliuchana mtambo hadi jioni, mstari kwa mstari, akilalamika kwamba kiwandani hawakuzingatia ulinganifu.

Kwenye risiti palikuwa na sehemu ya kujaza chanzo cha hitilafu. Fundi alimtazama mzee, akaitazama kalamu, akaandika: "Mazingira hayakuwa rafiki." Baba alivaa miwani iliyokwisha kufutwa, akasoma kwa sauti, akanigeukia.

"Unaona? Nilikwambia mimi. Jua la siku hizi si la zamani."